Aliyekubaliwa Asiyeanza Bado

Kabla ya somo hili mwalimu awasomee wakatekumeni sura ya 16 ya Kitabu cha kwanza cha Samweli, jinsi Daudi alivyopakwa mafuta. Asiwaeleze kitu bado. Kwanza wasikie habari ya kijana.

Katika kijiji kimoja upande wa milima ya Marungu, nchi ya Tanganika, alikuwako kijana mwana wa mjane. Alisoma kwa bidii, akamaliza shule ya sekondari, akafanya Mtihani wa Serikali, akashinda. Baadaye habari ikafika kwa simu ya mjomba wake: jina lake limekubaliwa katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Siku ile kijiji hakikulala. Wanawake walipiga vigelegele, mama yake alichinja kuku wawili kati ya wanne aliokuwa nao, na wazee wakaanza kumwita Mheshimiwa, naye hajavuka hata mto wa kwanza wa safari. Kijana huyo alikuwa pia mkatekumeni. Padri alikuwa amekwisha kumwambia kwamba, akiendelea vema, jina lake litaandikwa katika Kwaresima ijayo, apate kubatizwa usiku wa Pasaka. Hivyo alikuwa ameitwa mara mbili, na milango yote miwili ilikuwa bado mbele yake.

Masomo ya Chuo Kikuu hayaanzi kesho yake. Katika Kongo Mtihani wa Serikali hufanyika katikati ya mwaka, na masomo ya Chuo huanza kwa kawaida mwezi wa 10 au wa 11. Miaka mingine hukawia kupita hapo. Basi kijana akabaki na miezi mizima mikononi mwake. Hakuwa tena mwanafunzi wa shule, hakuwa bado mwanafunzi wa Chuo. Alikuwa kama mtu aliyeacha ukingo mmoja wa mto, na mtumbwi wake haujagusa ukingo wa pili. Wavuvi wa ziwa wanajua ni wapi mitumbwi huzama.

Juma la kwanza alipumzika, na hilo lilikuwa haki yake. Juma la pili alivifunga vitabu na daftari zake katika gunia, akavipandisha darini, panya wakavipata. Kisha akaacha kwenda shamba la mihogo pamoja na mama yake, kwa sababu rafiki zake walimcheka wakisema mtu wa Chuo Kikuu hashiki jembe. Kisha akaacha mafundisho ya dini. Mwanzo alikosa siku moja tu kwa ajili ya mvua. Siku ya pili hapakuwa na mvua, lakini aliona haya kurudi. Siku ya tatu alikuwa amekwisha kupata sababu nzuri: atabatizwa mjini, pamoja na watu wa elimu.

Mama yake alikuwa ameuza mbuzi watatu na magunia ya mihogo mikavu. Fedha hizo zilikuwa za safari, za kuandikishwa na za minervali. Binamu mmoja mchuuzi akaja, akasema: fedha zinalala bure, anikopeshe, nikanunue dagaa ufukoni, nitamrudishia maradufu kabla ya mwezi wa 10. Kijana akampa sehemu kubwa. Mama hakuambiwa.

Mwisho akaja mtu wa simu. Hakuna aliyemjua uso. Alisema anao ndugu ofisini huko mjini, ataandikisha jina la kijana bila yeye kusafiri wala kuhangaika na hati, mradi apelekewe kitu kidogo cha kulainisha njia. Kijana akaanza kuhesabu fedha zilizobaki.

Wakatekumeni waangalie vema. Mpaka hapo kijana hakuiba, hakuzini, hakumpiga mtu. Kama angeulizwa juu ya amri kumi, angesema hana kubwa la kuungama. Na kweli hakuna hata jambo moja kati ya hayo linalotisha likitazamwa peke yake. Mvua, haya, gunia darini, binamu mwenye maneno matamu: ni vitu vya kila siku. Lakini kama mambo yale yangeendelea majuma manne mengine, kijana yule asingefika Lubumbashi, na jambo la ubatizo wake lingepotea njiani, wala hakuna mtu ambaye angeweza kuonyesha ni siku gani alipopotea.

Ulizo: Kukubaliwa ni nini?
Jibu: Ni kufunguliwa mlango na mwingine. Kuingia ni jambo la pili.

Ulizo: Nani huingia?
Jibu: Yule anayefika siku iliyowekwa, akiwa na vitu alivyoagizwa kuja navyo.

Ulizo: Je, mtu aweza kupoteza alichopewa bila kutenda uovu mkubwa?
Jibu: Aweza. Katika Injili ya Matayo, wanawali watano wajinga walikuwa wamealikwa kama wenzao, tena walikuwa na taa mikononi. Walichokosa ni mafuta tu, na mlango ulifungwa.

Mwalimu wa kijiji alikuwa mtu mzima, mkulima wa mahindi, ambaye mwenyewe hakusoma kupita darasa la sita. Hakumwita kijana mbele ya watu. Jioni moja alikwenda nyumbani kwa mama yake, akapewa kigoda, akanywa maji, akazungumza kwanza habari ya mvua. Ndipo akamgeukia kijana.

— Mwanangu, Samweli alipokwisha kummwagia Daudi mafuta ya ufalme kichwani, usiku ule Daudi alilala wapi?

— Mwalimu, bila shaka katika nyumba ya mfalme.

— Soma tena kitabu. Sauli alipotuma wajumbe kumtaka Daudi, aliagiza nini kwa baba yake?

Kijana alikaa kimya. Alikuwa amesahau. Mwalimu akamkumbusha: Sauli alimwagiza Yese ampelekee mwanawe Daudi, yule aliye pamoja na kondoo. Mafuta yalikuwa yamekwisha kumwagwa, Roho wa Bwana alikuwa amekwisha kumshukia, na bado mikono ya Daudi ilinuka kondoo. Hata alipoanza kumtumikia mfalme, alikuwa akienda na kurudi Betlehemu kuwachunga kondoo wa baba yake.

— Wewe, akasema mwalimu, umepakwa mafuta juzi, na leo kondoo wa mama yako wana mchungaji gani?

Kijana akainama. Kisha akaeleza yote, hata habari ya binamu, na mama akayasikia pale pale. Alilia kidogo. Hakumtukana. Lakini kijana alisema baadaye kwamba kilio kile kifupi kilimwuma kuliko fimbo.

Habari ya Daudi ina sehemu ya pili ambayo wengi hawaikumbuki. Daudi alingoja miaka. Alikuwa na umri wa miaka 30 alipoanza kutawala huko Hebroni. Katika miaka ile ya kungoja alijificha pangoni huko Engedi, na Sauli aliyekuwa akimtafuta amwue akaingia katika pango lile lile, peke yake, bila kujua. Watu wa Daudi walimnong'oneza kwamba siku yake imefika. Upanga ulikuwa mkononi. Daudi alikata pindo la vazi la Sauli tu, na hata kwa hilo moyo wake ulimchoma. Ufalme ulikuwa wake kwa ahadi ya Mungu. Lakini hakukubali kuutwaa kwa njia ambayo Mungu hakuifungua. Mtu wa simu aliyemwambia kijana kwamba ofisi ina mlango wa nyuma alikuwa akimnong'oneza kama wale watu wa pangoni. Anayeingia Chuoni kwa mlango wa nyuma huanza masomo yake kwa uongo, tena mara nyingi haingii kabisa, maana aliyetumiwa fedha kwa simu huzima simu.

Basi anayengoja afanye nini? Kitabu cha Matendo ya Mitume chaonyesha. Bwana wetu Yezu Kristu alipopaa mbinguni aliwaagiza Mitume wasiondoke Yeruzalemu, wangojee ahadi ya Baba. Hakuwaambia siku. Zilikuwa siku kumi mpaka Pentekoste, lakini wao hawakulijua hesabu hilo. Walipanda katika chumba cha juu, wakadumu katika sala pamoja na Bikira Maria, Mama wa Yezu. Wala hawakusali tu. Katika siku zile zile walitengeneza jambo lililoharibika: nafasi ya Yuda ilikuwa tupu, watu wapatao 120 wakakusanyika, wakamchagua Matia. Roho Mtakatifu aliposhuka, hesabu ya Mitume ilikuwa imetimia, haina pengo. Kungoja kwao kulikuwa na sala, na wenzao, na kazi moja iliyopasa kumalizwa kabla ya siku kuja.

Yuko mtakatifu mmoja ambaye habari ya kungoja kwake yajulikana kwa urefu, kwa kuwa aliiandika mwenyewe. Ni Mtakatifu Agustino, Mwafrika, aliyezaliwa mwaka 354 huko Tagaste, mji ulio leo katika nchi ya Algeria. Alikuwa mwalimu mwenye sifa huko Milano katika Italia. Wakati wa kiangazi cha mwaka 386, baada ya miaka mingi ya kusitasita, moyo wake uligeuka, akakata shauri kubatizwa. Pasaka ilikuwa mbali. Alifanya nini?

Kwanza hakufanya kelele. Zilikuwa zimebaki siku chache, kama 20, kufika likizo ya mavuno ya zabibu. Alivumilia siku zile akiendelea kufundisha, ingawa kifua kilimwuma na moyo wake haukuwa tena katika kazi ile. Kisha akaiacha kazi kwa utaratibu. Pili, alitafuta mahali na watu. Rafiki yake alimwazima nyumba ya shamba mahali paitwapo Cassiciacum, akaenda huko na mama yake Monika, mwanawe Adeodato, rafiki yake Alipio na vijana wawili wanafunzi wake. Huko walisali zaburi, walisoma, walijadiliana juu ya ukweli na juu ya maisha ya heri, wakikaa penye majani hewa ilipokuwa njema. Mazungumzo yale yakawa vitabu. Siku moja jino lilimwuma hata asiweze kusema. Akaandika juu ya kibao cha nta kuwaomba wenzake wamwombee, nao wakapiga magoti.

Tatu, na hili ni la kuwatia moyo wakatekumeni ambao kusoma kwawalemea, aliomba shauri. Alimwandikia Askofu Ambrosio kumwuliza asome kitabu gani ili ajitayarishe. Ambrosio akamjibu asome nabii Isaya. Agustino, mwalimu wa walimu, alifungua Isaya, hakufahamu mwanzo wake, akaona yote yatakuwa magumu vile vile, akakiweka kando mpaka atakapozoea zaidi maneno ya Mungu. Hakuona haya kuandika hivyo. Wala hakusema: kwa kuwa sikufahamu Isaya, siufai ubatizo. Aliendelea na zaburi. Mwanzo wa mwaka 387 wakati wa kuandikisha majina ulipofika, alirudi Milano akatoa jina lake, na usiku wa kuamkia tarehe 25 Aprili 387 alibatizwa na Ambrosio, pamoja na Adeodato na Alipio.

Desturi hiyo ya kuandika majina Eklezia haikuiacha ipotee. Katika Ibada ya kuwaingiza watu wazima katika Ukristu, iliyotengenezwa upya mwaka 1972, majina ya wakatekumeni waliotayari huandikwa mwanzo wa Kwaresima, na toka hapo wao huitwa wateule. Mteule amekwisha kuchaguliwa, lakini hajabatizwa. Kuna majuma kama sita kati ya kitabu na maji. Mtakatifu Sirili, katika mji wa Yeruzalemu yapata mwaka 350, aliwaonya wateule wake juu ya majuma hayo hayo. Aliwakumbusha yule aliyeingia karamuni bila vazi la arusi. Tena aliwapa shauri dogo sana, lisilo na fahari yoyote. Wakati wa kungoja wenzao wanaoombewa mmoja mmoja, wanaume wakae pamoja, mmoja asome na wengine wasikilize. Ikiwa hakuna kitabu, mmoja asali, mwingine aseme neno la kufaa. Wanawake nao wasome au wasali polepole, midomo ikitikisika. Askofu yule alijua ya kwamba saa moja tupu yatosha kumrudisha mtu nyuma.

Kwa nini jambo hili ni zito hasa kwa anayekwenda Chuo Kikuu? Kwa sababu ya namna masomo yalivyopangwa. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 Vyuo Vikuu vya Kongo vilianza kufuata utaratibu mpya. Shahada ya kwanza ni ya miaka mitatu. Kila mwaka una semesta mbili, na kila semesta ina kredi 30. Katika kredi hizo huhesabiwa saa za kumsikiliza mwalimu pamoja na kazi ya mwanafunzi mwenyewe, anayosoma na kuandika peke yake bila kusimamiwa. Huko hakuna kengele ya misioni. Mtu aliyekwisha kuzoea miezi mitatu kuamka jua likiwa kichwani hatageuka mwingine kwa kupanda lori. Tena masomo hutolewa kwa Kifaransa. Kijana anayekaa kijijini toka mwezi wa 7 hasikii ila Kiswahili na lugha ya mama yake. Ulimi huwa mzito, mkono husahau kuandika haraka, na semesta ya kwanza humpita akiwa bado anaokota maneno.

Mwalimu yule wa kijiji hakujua mambo ya kredi. Alilolijua ni kupanda kwa wakati. Siku ya pili alimpangia kijana siku zake, na kijana akakubali. Alfajiri sala, kisha shamba na mama yake mpaka saa nne. Adhuhuri vitabu vishuke darini, asome, aandike ukurasa mmoja kwa Kifaransa kila siku, na mara moja kwa juma ampelekee mwalimu mkuu wa shule ausahihishe. Jioni za Jumatano na Jumamosi mafundisho ya dini, na yeye mwenye elimu akae na watoto wawili wasiojua kusoma, awafundishe sala kwa kichwa. Hilo la mwisho halikumpendeza mwanzoni. Baadaye ndilo alilolipenda kuliko yote.

Kazi iliyokuwa imeharibika ilikuwa ya hati na fedha. Hati zilizotakiwa hazikuwa nyingi, lakini kila moja ilikaa kwa mtu wake: cheti cha kushinda mtihani, karatasi za maksi za miaka miwili ya mwisho, hati ya kuzaliwa, hati ya mwenendo mwema, hati ya daktari, na picha. Ofisi ya teritwari ilikuwa mwendo wa siku moja kwa miguu. Safari ya kwanza alikuta karani ameondoka kwenda mazishini. Safari ya pili alipata hati moja, ya tatu akapata mbili. Kama angengoja mpaka mwezi wa 10, hesabu ni wazi, asingezipata. Mtu wa simu hakujibiwa tena.

Binamu alirudisha nusu. Nusu nyingine dagaa walioza njiani, au ndivyo alivyosema. Kijana hakwenda kumshtaki, maana alijua kosa la kwanza lilikuwa lake, la kutoa fedha ya mama bila ruhusa. Alikwenda misioni akaomba kazi ya kufyatua matofali, yeye aliyeitwa Mheshimiwa, na vijana wale wale waliomcheka kwa jembe walimwona na udongo mpaka magotini. Alifyatua matofali majuma matano. Fedha haikutimia yote. Mjomba aliongeza kilichobaki, kwa mkopo ulioandikwa katika daftari mbele ya mama.

Likabaki jambo moja, ambalo wakatekumeni wengi wanaohama hulisahau, wakafika mjini kama watu wasio na jamaa. Mkatekumeni anayeondoka parokia yake sharti achukue barua kwa padri wa huko aendako. Bila barua, padri wa mjini hajui huyu ni nani, amepokelewa lini, amefika wapi katika mafundisho; naye mgeni huona haya kujieleza, hungoja Jumapili nyingine, na nyingine, mpaka mwaka umekwisha. Kijana aliiomba barua juma la mwisho. Mwalimu aliiandika kwa mkono wake mezani pa mama, Padri akaitia sahihi na mhuri. Ilikuwa na mistari michache: jina la kijana, siku aliyopokelewa katika ukatekumeni, mafundisho aliyoyajua, na kwamba katika likizo ile alikosa majuma saba, akarudi, na katika majuma yale kuna masomo matatu hajayasikia bado, ambayo padri wa wanafunzi aombwa ampe kabla ya Kwaresima.

Kijana aliisoma, akauliza kama ni lazima majuma yale saba yaandikwe.

— Ni lazima, mwanangu, akasema mwalimu. La sivyo nani atakupa masomo yale matatu?

Mama akaichukua barua, akaiweka pamoja na hati nyingine katika mfuko wa plastiki, akaufunga kwa uzi mara mbili.